Kikombe kinachoondoka chenyewe: viinimacho vitatu vya filamu bubu, na kipi kikufae

Mtu ameketi mezani, kikombe cha chai kiko mbele yake. Kikombe kinaondoka bila kuguswa. Watengenezaji wa filamu wa miaka ya 1895 hadi 1910 walikuwa na njia tatu kuu za kupiga tukio kama hili, na kila njia ina athari yake kwa mtazamaji. Ukikata mkanda, kikombe kinatoweka ghafla na watu wanacheka. Ukipiga picha juu ya picha, kikombe kinakuwa kivuli ambacho ukuta unaonekana ndani yake, na watu wananyamaza. Ukipiga fremu moja moja, yaani picha moja moja za mkanda, kikombe kinatambaa mezani, na hapo ndipo mwili unaposisimka.

Anayetaka kutengeneza filamu fupi ya aina hii kwa simu au kamera ndogo huwa anaanza na njia iliyo rahisi, halafu anashangaa kwa nini mzuka wake unachekesha. Anza na hisia unayoitaka, ndipo uhesabu muda na vifaa.

Kata-badili

Ndiyo njia kongwe. Mwaka 1895 Alfred Clark, akifanya kazi katika kampuni ya Edison huko Marekani, alionyesha Malkia Mary wa Scotland akikatwa kichwa: mwigizaji alipiga magoti, kamera ikasimama, mwanasesere akawekwa mahali pake, kamera ikaendelea. Mwaka uliofuata Georges Méliès aliichukua njia hiyo akaifanya yake. Huyu alikuwa mtu wa mazingaombwe, mmiliki wa ukumbi wa Robert-Houdin jijini Paris tangu 1888. Katika filamu yake ya 1896 anamfunika mwanamke kitini kwa shuka, mwanamke anatoweka, na kitini panatokea kiunzi cha mifupa. Jukwaani kiinimacho hicho kilitaka mlango wa siri sakafuni. Kwenye mkanda kilitaka mkasi.

Mkasi hasa, maana wengi husema alisimamisha kamera tu. Waliochunguza mikanda yake iliyosalia wamekuta viungo vya gundi pale penye viinimacho. Kamera ya kuzungushwa kwa mkono haisimami papo hapo: inapopunguza mwendo, kila fremu inakaa wazi muda mrefu zaidi, inapata mwanga kupita kiasi na kutoka nyeupe. Fremu hizo zilipaswa kuondolewa. Na kwa kuwa mkasi ulikuwa tayari mkononi, Méliès alitafuta fremu mbili ambazo mwili wa mwigizaji umekaa sawasawa, akaziunganisha hizo.

Kwa simu huna haja ya kusimamisha chochote. Rekodi mfululizo, utakata baadaye kwenye programu ya kuhariri. Kidole kinachogusa kioo mara mbili kinaitikisa kamera mara mbili. Kaza tripodi. Funga fokasi na mwanga, ambavyo kwenye simu nyingi hufungwa kwa kubonyeza kioo na kushikilia mpaka alama ya kufuli itokee. Mwigizaji aanze kunyoosha mkono kukielekea kikombe, kisha umwambie agande. Msaidizi aingie, atoe kikombe, atoke. Mwigizaji amalizie ishara ileile. Ni muhimu ishara ianze kabla ya mkato na iishe baada yake, kwa sababu jicho hufuata mkono unaosogea na kusahau meza.

Kinachoharibu ni vitu vidogo. Mkono uliochoka hushuka sentimita mbili, basi mwambie mwigizaji aegemeze kiwiko. Feni inapeperusha pazia. Msaidizi mwenye shati jeupe anapita mbele na kamera ambayo mwanga wake haukufungwa inajirekebisha, kisha meza nzima inabadilika rangi. Kabla hujamruhusu mwigizaji kuinuka, ichukue fremu ya mwisho ya kipande cha kwanza, ilaze juu ya fremu ya kwanza ya kipande cha pili na uififishe hadi asilimia 50: mabega yakionyesha kingo mbili, rudieni. Wakati wa kuhariri, fremu 3 au 4 za mtu aliyeganda zinatosha kuonekana kama kwikwi, kwa hiyo sogeza mkato fremu moja moja.

Kwa kutisha, njia hii ni dhaifu. Inashtua, na mshtuko huishia kwenye kicheko. Ipo namna moja ya kuitia ubaridi: kitu kitoweke wakati mwigizaji anatazama kwingine, naye asigundue kwa sekunde tano au sita, huku mtazamaji ameshaona. Méliès mwenyewe hakuwa na subira hiyo. Watu wake huruka na kurusha mikono papo hapo, na ndiyo sababu filamu zake zinafurahisha kuliko zinavyotisha.

Picha juu ya picha

Hapa pana mambo mengi zaidi, na makosa mengi zaidi pia. Kanuni ni moja: sehemu ya mkanda isiyopigwa na mwanga bado ni tupu, inaweza kupigwa tena. Ukimweka mtu mbele ya kitambaa cheusi kisichorudisha mwanga, ukarekodi, ukarudisha mkanda nyuma ndani ya kamera, kwenye giza tupu, unaweza kumweka mtu mwingine, au yeye yuleyule, pale palipokuwa peusi.

Mwaka 1898 Méliès alivua kichwa chake, akakiweka mezani, akaotesha kingine, mpaka vikawa vinne vikiimba pamoja. Mwaka 1900 alijigawa kuwa bendi ya wanamuziki saba, maana yake mkanda uleule ulipita kwenye kamera mara saba. Mtu akikosea mwendo katika mpito wa sita, mitano iliyotangulia imepotea. Ndiyo maana waigizaji wa njia hii walifanya kazi kwa kuhesabu: hesabu nne geuka, hesabu saba inama.

Filamu ya 1901 ya kichwa cha mpira inastahili kuangaliwa polepole. Kichwa cha Méliès kiko mezani, kinajazwa upepo kwa mvukuto, kinakua, mwishowe kinapasuka. Kamera haikusogea hata kidogo. Yeye ndiye aliyeketi kwenye kigari kilichovutwa kuelekea kwenye kamera, mwili umefunikwa kitambaa cheusi, kichwa pekee kikiwa wazi. Lakini kitu kilicho chini ya mstari wa lenzi kinapokaribia hushuka ndani ya fremu, na kichwa kingezama mezani. Kwa hiyo njia ya kigari ilijengwa kwa mwinuko, ili kila hatua ya kukaribia iwe pia hatua ya kupanda, na shingo ibaki pale pale. Leo unaweza kukikuza kichwa ndani ya programu. Ukirekodi kwa 4K (ukubwa wa picha ulio mara mbili kwa upana na urefu) na filamu yako ikawa ya 1080, una nafasi ya kukuza mara mbili bila picha kupoteza ukali.

Huo ni mtindo wa mandhari nyeusi, na watu wake hutoka imara kama wa kawaida. Mtindo wa pili ni wa mzuka. Ukipiga picha ya pili juu ya chumba ambacho tayari kina mwanga, mianga miwili inajumlishana, na ukuta unaonekana kupitia kifua cha mtu. George Albert Smith wa Hove, Uingereza, alikuwa ameshaanza kuutumia mwaka 1898. Waliofika mbali zaidi ni Waswidi Victor Sjöström na mpigapicha wake Julius Jaenzon, katika filamu ya 1921 kuhusu gari la farasi linalokusanya roho za wafu: walirudisha mkanda hadi mara nne, kwa kamera ya mkono, na mizuka yao hupita nyuma ya samani halisi. Kama una jioni moja tu ya kutazama kitu cha aina hii, tazama hiyo.

Tofauti ya mitindo hii ndiyo inayowachanganya wanaoanza. Kwa mtu imara unahitaji kitambaa cheusi. Mahameli nyeusi ni bora kwa sababu nyuzi zake hunasa mwanga. Kaniki mbili zilizoshonwa pamoja ni mbadala mzuri wa bei ndogo. Satini na nailoni usiziguse, zinang'aa. Tundika kitambaa mita 1.5 hadi 2 nyuma ya mwigizaji. Taa zikae pembeni, kushoto na kulia, zisielekee kitambaa. Weka ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100 au 200, kwa sababu ISO ikipanda weusi unajaa chengachenga. Kwenye programu ya kuhariri, laza kipande hiki juu ya chumba na uchague namna ya kuchanganya iitwayo Screen, ambayo hufuta cheusi na kubakiza chenye mwanga. Chumba nacho kiwe cheusi pale mtu atakapotokea, la sivyo ukuta utamtokea kifuani. Kasoro ya kawaida ni chumba kizima kuingia ukungu wa kijivu mara kipande cha juu kinapowekwa. Maana yake weusi wako haukuwa mweusi. Shusha maeneo ya giza ya kipande hicho peke yake mpaka ukungu uondoke. Vidole vikianza kuliwa, umeshusha mno, na tiba ni kupanga taa upya.

Kwa mzuka huhitaji kitambaa. Rekodi chumba kitupu kwa sekunde 20, bila kugusa tripodi mwite mwigizaji na urekodi tena, kisha laza cha pili juu ya cha kwanza kwa asilimia 40 hadi 60. Siri iko kwenye ukuta. Mzuka ni mwanga uliojumlishwa, kwa hiyo mbele ya ukuta mweupe hauonekani, unabaki uso na viatu. Chagua ukuta wa giza na nguo nyeupe. Kanzu inafaa kuliko vazi lolote, ni ndefu, ni nyeupe, na inaficha hatua za miguu. Mzuka ukipaswa kupita nyuma ya meza, kata umbo lake kwenye mstari wa ukingo wa meza kwa zana ya kufunika, na mpangie njia iliyonyooka ili usilazimike kukata upya kila fremu. Na asiegemee kitu chochote. Mkono unaoonekana kushika kiti na wakati huohuo kupenya ndani yake huvunja kila kitu.

Fremu moja moja

Bwana wa njia hii ni Segundo de Chomón, Mhispania aliyezaliwa Teruel mwaka 1871 na kufanya kazi Pathé, kampuni ya Ufaransa. Katika filamu yake ya hoteli ya umeme ya 1908, masanduku yanajipandisha ghorofani, brashi zinang'arisha viatu bila mtu, na nywele za mgeni zinajichana. Mwaka mmoja kabla, J. Stuart Blackton wa Marekani alikuwa ameonyesha meza inayojiandalia chakula, na Wafaransa walivyoshindwa kuelewa imefanywaje waliuita mtindo huo "mwendo wa Kimarekani". Mitambo yenyewe ilikuwa rahisi: kamera za kawaida zilitoa fremu nane kwa kila mzunguko wa mpini, hizi zikarekebishwa zitoe fremu moja.

Kwa nini kikombe kinachotambaa kinatisha kuliko kinachotoweka? Kitu kinachosogea kwa kweli huacha ukungu kidogo kwenye kila fremu. Kikombe kilichosogezwa kwa mkono kati ya picha na picha hakina ukungu huo. Kila fremu ni kali kama ya kitu kilichotulia, lakini zikiunganishwa kinasogea. Jicho linapokea habari mbili zisizopatana. Ndiyo maana pia kulainisha mwendo kwa programu za leo kunaua kiinimacho.

Sasa hesabu. Tumia fremu 12 kwa sekunde. Kikombe kivuke meza ya sentimita 60 kwa sekunde 5: picha 60, sentimita 1 kila picha. Ila usianze na sentimita nzima. Anza milimita 2, 4, 7, ndipo ufike 10, na mwishoni ushuke vivyo hivyo, la sivyo kikombe kitaonekana kimesukumwa na mtu aliyejificha. Sekunde kumi ni picha 120. Ukitumia nusu dakika kwa kila moja, ni saa nzima.

Adui mkubwa ni kumeta kwa picha. Chanzo cha kwanza ni kamera kujirekebisha yenyewe, basi funga mwanga, fokasi na rangi. Cha pili ni dirisha: wingu likipita utaliona kwenye filamu kama radi, kwa hiyo fanya usiku au ziba madirisha kabisa. Cha tatu ni taa za umeme. Afrika Mashariki umeme ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo weka kasi ya shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) sekunde 1/50 au 1/25. Ukiweka kasi isiyolingana na umeme huo, kama 1/60, baadhi ya balbu zitatia giza baadhi ya fremu zako. Cha nne ni wewe. Shati jeupe hurudisha mwanga mezani kila unapoinama. Vaa nguo ya giza, na usimame palepale kila picha inapopigwa.

Mtikisiko nao hausameheki. Picha ya 80 ikisogea milimita moja, meza nzima itaruka. Bandika miguu ya tripodi sakafuni kwa selotepu, ning'iniza mfuko wa mchele wa kilo 2 chini ya shina lake, na upige kwa kitufe cha sauti cha spika za masikioni badala ya kugusa simu. Weka simu kwenye hali ya ndege, kwani simu ikiita na kutetemeka, saa yako imekwenda. Chaja iwe imechomekwa tangu mwanzo. Kuichomeka katikati ni kuisogeza. Kikombe kikipaswa kuinama bila kuanguka, plastisini ya ukubwa wa punje ya hindi chini yake inatosha. Kikipaswa kuruka, tumia mshipi mwembamba wa kuvulia, na uupake rangi ya ukuta ulio nyuma yake.

Mtu akiwemo kwenye fremu, ugumu unazidi. Hawezi kuzuia pumzi kwa picha 60. Mwachie apumue, lakini apumue nje kabla ya kila picha, na macho ayakazie sehemu moja. Mtetemo mdogo wa mabega utakaobaki haudhuru, unaongeza wasiwasi.

Ukiwa bado unasita

Kama una nusu siku, rafiki mmoja na chumba chenye dirisha lisilozibika, chukua kata-badili na utengeneze kichekesho. Kama una mwigizaji anayeweza kurudia mwendo uleule kwa hesabu, na ukuta wa giza, mzuka utakupa matokeo mazuri kwa kazi ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mandhari nyeusi yenye watu wengi iache kwa mara ya pili. Kama uko peke yako na una usiku mzima, fremu moja moja haina mshindani, kwa kuwa haihitaji mwigizaji kabisa.

Wapo wanaotaka watu warukao. Kwa hao Chomón ana jibu la nne, rahisi mno. Mwaka 1907 aliwalaza wanasarakasi sakafuni juu ya kitambaa cheusi na kuweka kamera juu yao, nao wakawa wanabebana kwenye vidole kana kwamba uzito haupo. Simu ikiwa mita 2.5 juu ya sakafu hupata upana wa karibu mita 3. Nywele ndefu zifungwe na mikunjo ya nguo ibandikwe, kwa sababu huanguka kuelekea sakafuni na kufichua mchezo. Fagia kitambaa kila baada ya kipande. Nyayo za vumbi huonekana kama nyota.

Kuchanganya kunaruhusiwa, na mabingwa wenyewe walichanganya: kichwa cha mpira kinakua kwa mandhari nyeusi na kupasuka kwa mkato. Ukichanganya kwenye fremu moja, piga kwanza zile picha za moja moja, maana ndizo zisizovumilia kurudiwa, kisha mzuka, na mkato mwishoni.

Kasi ya mkanda nayo ina uamuzi wake. Zama hizo fremu 16 kwa sekunde zilikuwa za kawaida, kwa mizunguko miwili ya mpini. Safari ya mwezini ya Méliès ya 1902 ina urefu wa mita 260 hivi. Kwa fremu 52 kila mita, ikionyeshwa kwa 16 inachukua takriban dakika 14, na kwa 24 inakimbia dakika 9 na nusu. Nakala fupi za mtandaoni unazoziona zikirukaruka nyingi zina kasoro hiyo. Ukiiga mwendo huo wa mbio, uiweke kwenye kata-badili tu. Mzuka unaokimbia haumtishi mtu.

Rangi, kama utaitaka: filamu hiyo ya mwezi iliuzwa pia ikiwa imepakwa kwa brashi, fremu baada ya fremu, na wanawake wa karakana ya Elisabeth Thuillier jijini Paris, ilhali Pathé walikata violezo, kimoja kwa kila rangi. Brashi hutikisika kwenye kingo, kiolezo hutulia. Kwa hali ya kutisha, brashi inayotikisika inashinda.

Wengi, hata hivyo, huchagua nyeusi na nyeupe, na hapo kuna mtego unaowahusu waigizaji wenye ngozi nyeusi. Mkanda wa zama zile uliona buluu na haukuona nyekundu, ndiyo maana midomo yake ni myeusi na anga lake ni jeupe. Maelekezo ya kuiga hali hiyo husema ondoa nyekundu yote, acha buluu peke yake. Ngozi ya kahawia hurudisha nyekundu nyingi na buluu kidogo, kwa hiyo uso wote unazama na weupe wa macho pekee unabaki. Changanya kijani asilimia 60 na buluu 40, ongeza taa moja laini usoni kutoka pembeni, na upige jaribio la dakika moja kwa mwigizaji mwenyewe kabla hamjaanza kupanga meza.